Neno la Kihispania lenye maana nyingi: kamusi, kopasi, mashine au mwenye lugha?

*Quedan dos panes. Quedamos a las ocho. El hotel queda lejos. Esa camisa te queda bien. Se quedó sin gasolina. Quedó en llamar.* Kitenzi ni kimoja tu, *quedar*, lakini Kiswahili kinahitaji vitenzi sita kukijibu: mikate miwili imebaki, tukutane saa mbili, hoteli iko mbali, shati hilo linakukaa vizuri, aliishiwa na petroli, aliahidi kupiga simu. Aliyekariri kwamba *quedar* ni "kubaki" ataelewa sentensi ya kwanza, na zile tano zitampita huku akidhani amezipata.

Ukikwama hapo, njia za kujinasua ni tano: kamusi ya Kihispania kwa Kihispania, kamusi ya lugha mbili kupitia Kiingereza au Kifaransa, kopasi (yaani hazina ya matini halisi inayotafutika kwa kompyuta), mashine ya kutafsiri, na mtu aliyekua na lugha hiyo. Tutazilinganisha kwa kutumia *quedar* kama kipimo, kwa sababu ni kitenzi cha kila siku na kina karibu kila mtego unaopatikana katika vitenzi vya lugha hiyo.

## Vipimo vyetu

Kwanza, je, njia hii inatenganisha maana moja na nyingine, au inakumwagia visawe kumi ujichagulie?

Pili, je, inaonyesha maneno madogo yanayoandamana na neno lako: *se, me, le, en, con, sin, de*? Hiki ndicho kipimo kizito kuliko vyote. *Quedar en* ni kukubaliana au kuahidi. *Quedarse con* ni kuchukua kitu kiwe chako. *Quedarse sin* ni kuishiwa. Mzizi haujabadilika, lakini maana imehama kabisa. Mzungumzaji wa Kiswahili ana faida hapa, kwa sababu naye hukinyambua kitenzi, *baki* ikawa *bakia*, kisha *bakiza*, na anajua kwamba anayetazama mzizi peke yake hajaona kitu.

Tatu, nchi. Kihispania ni lugha rasmi kuanzia Mexico hadi Ajentina, Uhispania yenyewe, na hapa barani kwetu Guinea ya Ikweta. Maana moja inaweza kuwa ya kawaida Madrid na isieleweke Bogotá.

Nne, muda, gharama na intaneti.

Tano, ikikosea inakosea vipi, na wewe utagundua? Kipimo hiki husahaulika. Kamusi isiyo na neno lako hukuambia wazi kwamba haina. Mashine haikuambii.

## Tambua kwanza utata ulio nao

Maneno yenye maana nyingi si ya aina moja, na watu wengi hupoteza muda kwa kutumia njia nzito kwenye tatizo jepesi.

Kuna nomino ambazo jinsia ndiyo inayoamua. *El cura* ni padri, *la cura* ni tiba. *El orden* ni mpangilio, *la orden* ni amri. *El capital* ni mtaji, *la capital* ni mji mkuu. Tazama kile kidogo kilichotangulia, *el* au *la*, na kamusi yoyote itakumalizia kazi.

Kuna nomino ambazo muktadha ndio unaoamua. *Planta* ni mmea, ghorofa, kiwanda au unyayo. *Carta* ni barua, orodha ya vyakula mgahawani, au karata. *Banco* ni benki, benchi, au kundi la samaki baharini. *Esposas* ni wake za watu au pingu. *Mañana* ni asubuhi na pia kesho, ndiyo maana "kesho asubuhi" husemwa *mañana por la mañana*. Ukisoma sentensi nzima, hizi hujitatua zenyewe mara nyingi.

Kuna maumbo yanayogongana kwa bahati tu. *Vino* ni divai, na pia ni "alikuja". *Como* ni "kama", na pia ni "ninakula". *Llama* ni mwali wa moto, ni yule mnyama wa milima ya Andes, na ni "anaita". Tatizo hapa ni la sarufi kuliko la maana: jiulize kama sentensi inahitaji kitenzi au nomino.

Kuna maneno ya nchi. *Guagua* ni basi katika visiwa vya Canarias, Cuba, Puerto Rico na Jamhuri ya Dominika, lakini Chile, Bolivia na Ecuador ni mtoto mchanga. *Torta* ni keki sehemu nyingi, ni mkate uliojazwa nyama na vikolezo huko Mexico, na Uhispania pia ni kofi la uso. *Coger* Uhispania ni kushika, kuchukua, kupanda basi. Mexico na Ajentina ni neno la chumbani lisilosemwa mbele ya watu.

Mwisho ni vitenzi vinavyobadilika kwa viandamani vyao: *quedar, llevar, echar, poner, dejar, pasar*. Hivi ndivyo vigumu, na karibu kila kitakachosemwa hapa chini kinawahusu.

Kwa vitenzi hivyo, kabla hujafungua chochote, andika mambo haya kwenye karatasi. Umbo la msingi la kitenzi ni lipi? (*Quedo* ni "mimi" na wakati uliopo, *quedó* ni "yeye" na wakati uliopita; alama moja juu ya herufi inageuza yote.) Kuna *me, te, se, le* mbele yake? Neno linalofuata ni kihusishi gani? Kiima ni mtu au kitu? Aliyesema ametoka wapi? Dakika moja ya kazi hii hupunguza nusu ya kubahatisha, uchague njia yoyote ile.

## 1. Kamusi ya Kihispania kwa Kihispania

Iliyo kuu ni *Diccionario de la lengua española* ya Real Academia Española, taasisi iliyoanzishwa 1713. Toleo la 23 lilitoka 2014, na la mtandaoni linaendelea kusasishwa. Hutolewa pamoja na akademia nyingine za nchi zinazozungumza Kihispania, ikiwemo ile ya Guinea ya Ikweta. Ndugu zake wawili ni muhimu kuwajua: *Diccionario panhispánico de dudas* ya 2005, inayoshughulika na matumizi na vihusishi, na *Diccionario de americanismos* ya 2010, kwa maneno ya Amerika.

Kutenganisha maana. Hapa haina mpinzani. Kila maana ina namba yake, na kabla ya fasili kuna vifupisho ambavyo wanafunzi huviruka, ilhali ndivyo ramani yenyewe. *Tr.* ni kitenzi kinachobeba shamirisho, *intr.* kisichobeba, *prnl.* kinachotembea na *se*. *U. t. c. prnl.* maana yake ni kwamba maana hiyo inakubali *se* pia. *Coloq.* ni lugha ya mazungumzo, *malson.* ni neno chafu, *desus.* limeacha kutumika.

Viandamani. Inavionyesha, lakini si wazi kila mara. Mara nyingi vimefichwa ndani ya mfano. Kwa hiyo soma mifano kabla ya fasili. Sentensi yako ikiwa na *se*, ruka moja kwa moja hadi kwenye *prnl.* Kihusishi kikikusumbua, hamia *Panhispánico de dudas*. Ndipo utakapoona kwamba "kuahidi kufanya" ni *quedar en*, na kwamba nchi kadhaa za Amerika, Mexico ikiwa mojawapo, husema *quedar de*.

Nchi. Vifupisho kama *Méx.*, *Arg.* au *Esp.* hukuambia neno linatumika wapi. Maana isiyo na alama ya nchi huchukuliwa kuwa ya wote.

Muda na gharama. Mtandaoni ni bure. Muda unategemea kiwango chako: aliye chini ya B1 (ngazi ya kati katika vipimo vya Ulaya vya kujua lugha, vinavyoanzia A1 hadi C2) atahitaji kufasiri fasili yenyewe, na hapo atazunguka.

Inapokosea. Kosa ni la msomaji zaidi kuliko la kamusi. La kwanza ni kuchukua maana namba 1 kwa kuwa iko juu. La pili ni kutafuta nahau chini ya kitenzi. Kamusi hii huweka nahau chini ya nomino iliyomo, kama ipo. Kwa hiyo *quedarse de una pieza*, kupigwa na butwaa, itafute chini ya *pieza*. Wengi husoma ingizo zima la *quedar*, wasiione, wakadhani haimo.

Inamfaa aliyefikia B1 na kuendelea, mwandishi, mfasiri, na yeyote anayehitaji uhakika wa kuandika kwenye karatasi. Namna nzuri ya kujihakikishia: ichukue fasili, iweke ndani ya sentensi yako mahali pa neno. Isipokaa, umechagua namba isiyo yake.

## 2. Kamusi ya lugha mbili, kupitia Kiingereza au Kifaransa

Kamusi kubwa za Kihispania na Kiswahili moja kwa moja ni chache, kwa hiyo wengi wetu huvuka kwa daraja: Kiingereza kwa wasomaji wa Kenya, Uganda na Tanzania, Kifaransa kwa wa Kongo na Burundi. WordReference, iliyoanza 1999, ndiyo inayotumika sana kwa daraja la Kiingereza.

Kutenganisha maana. Vizuri kiasi. Zilizo bora huweka maana kwenye safu, kila moja na sentensi yake. Zile ndogo za mfukoni hutoa orodha yenye mikato tu, na orodha hiyo haisaidii kitu kwa neno kama *quedar*.

Viandamani. Safu nyingi huorodhesha *quedarse con*, *quedarse sin*, *quedar en* kama maingizo yao wenyewe. Kwa anayeanza hii ni faida kubwa, pengine kubwa kuliko ya kamusi ya akademia.

Nchi. Huonyeshwa kwa vifupisho, ila si kwa ukamilifu.

Muda na gharama. Sekunde chache, bure.

Inapokosea. Daraja lina maana zake nyingi pia. Unatoka kwenye neno la Kihispania lenye maana sita, unapita kwenye la Kiingereza lenye maana nne, na unapofika Kiswahili umechagua mara mbili bila kujua. Halafu kuna maneno yanayofanana sura tu. *Embarazada* ni mjamzito, wala si mtu aliyeona haya. *Constipado* Uhispania ni mwenye mafua. Anayepita kwa Kiingereza au Kifaransa atamwelewa kuwa amefunga choo, na dawa atakayopendekeza haitasaidia. *Actualmente* ni "kwa sasa". Hapa Kifaransa kinakuelekeza vizuri na Kiingereza kinakupoteza.

Hasara nyingine ni ya muundo, na inaumiza kwa sababu haikuwa ya lazima. *Me quedan dos días* kwa Kiingereza hugeuzwa ili mtu awe ndiye mwenye siku. Mwanafunzi hujenga sentensi akilini kwa mtindo huo, kisha husema *me queda dos días*, kitenzi kikiwa cha umoja, na anakosea. Kiswahili kinasema *zimenibakia siku mbili*: siku ndizo kiima, kitenzi kinapatana nazo, na *-ni-* iko pale pale ilipo *me*. Ukitoka Kiswahili moja kwa moja, huwezi kukosea.

Anayejua Kireno, kama ilivyo kwa baadhi ya wasemaji wa Kiswahili wa kaskazini mwa Msumbiji, ana daraja zuri kuliko yote: *ficar* inafuata *quedar* karibu hatua kwa hatua, *ficar com*, *ficar sem*, *fica longe*.

Inamfaa anayeanza (A1 hadi B1), na aliye safarini anayetaka jibu sasa hivi.

## 3. Kopasi

Real Academia ina kopasi mbili zilizo wazi kwa kila mtu. CREA ina matini ya 1975 hadi 2004, maumbo zaidi ya milioni 160. CORPES XXI inaanzia 2001 na imepangwa ili asilimia 70 ya matini itoke Amerika na 30 Uhispania, huku Guinea ya Ikweta ikiwa na sehemu yake pia. Ipo vilevile *Corpus del Español* ya Mark Davies, ambayo inahitaji kujisajili.

Kutenganisha maana. Haitenganishi. Inakupa mistari, na wewe ndiwe unayetenganisha. Hili huwakimbiza wengi siku ya kwanza.

Viandamani. Hapa inazishinda zote. Kwenye CORPES, usiandike neno kwenye kisanduku cha *Forma*, kwa kuwa utapata umbo hilo moja tu. Andika *quedar* kwenye *Lema* ili ije na *quedó, quedamos, quedaría* na ndugu zao wote. Kisha tumia *Proximidad*: taja neno la pili, mathalani *en*, umbali wa neno moja upande wa kulia. Chukua mistari kama 30 hivi na uigawe mafungu kwa kutazama kinachofuata *en*. Kikifuatiwa na mahali, ni kubaki au kuwepo. Kikifuatiwa na kitenzi cha umbo la msingi (*llamar, venir*) au *que*, ni ahadi au makubaliano. Ukiisha kuiona kanuni hiyo kwa macho yako huisahau. Kitufe cha *Coapariciones* hukupa maneno yanayoambatana sana na neno lako bila wewe kuyataja.

Nchi. Chuja kwa nchi, tafuta, halafu badilisha nchi utafute tena. Hakuna njia ya haraka kuliko hii ya kujua kama neno ni la watu wote au la mtaa mmoja.

Muda na gharama. Bure, lakini tenga nusu saa kwa neno, na intaneti isiyokatika. Kwenye skrini ndogo ya simu ni usumbufu.

Inapokosea. Lebo za sarufi zimewekwa kwa kompyuta, hivyo *vino* ya divai inaweza kuingia kwenye orodha ya *venir*. Matini mengi ni ya vitabu na magazeti, na lugha ya mtaani ni kidogo. Na anayesoma mistari kumi ya kwanza tu huenda akawa anasoma gazeti moja la mji mmoja.

Inamfaa mfasiri, mwalimu, mwanafunzi wa B2 na kuendelea. Anayeanza aiache kwa sasa.

## 4. Mashine ya kutafsiri na akili mnemba

Kutenganisha maana. Ukiipa sentensi nzima, hutenganisha vizuri nomino za muktadha: *planta* ya ghorofa na *planta* ya mmea hazichanganyi mara nyingi. Ukiipa neno moja, inakupa maana moja kana kwamba nyingine hazipo.

Viandamani. Inavitumia ndani kwa ndani bila kukuonyesha. Programu za mazungumzo za akili mnemba (AI, ambayo wengine huiita akili unde) zinaweza kueleza ukiziuliza, na maelezo huwa mazuri kwa maneno ya kawaida.

Nchi. Haiulizi. Itajie wewe: "sentensi hii imesemwa na mtu wa Kolombia."

Muda na gharama. Papo hapo, na kamera ya simu husoma hata orodha ya vyakula ukutani.

Inapokosea. *Quedamos a las ocho* ina mitego mitatu kwa pamoja. *Quedamos* ni umbo lile lile kwa "tunakubaliana kukutana" na "tulikubaliana". Bila jina la mtu wala mahali, inaweza kugeuzwa kuwa "tulikaa" au "tulibaki". Na *las ocho* ikiandikwa "saa nane" ni hatari: *las ocho de la mañana* ni saa mbili asubuhi kwa hesabu yetu. Mgeni atakusubiri kwa saa sita. Tafsiri ya saa ihakiki wewe mwenyewe kila mara, hata kama sentensi nyingine yote imenyooka.

Kosa la pili ni la ufasaha. Sentensi iliyokosewa hutoka laini sawa na iliyo sahihi, kwa hiyo hakuna kinachokugutusha. Akili mnemba nayo inaweza kutunga mfano au kumpa nahau nchi isiyo yake kwa uhakika ule ule. Dawa ni kugeuza: badilisha kitu kimoja kwenye sentensi (ondoa *se*, weka *con* badala ya *en*) uone kama tafsiri nayo inabadilika. Isipobadilika, mashine haikukiona kile kidogo.

Inamfaa anayehitaji kuelewa kwa jumla, na mwenye haraka ambaye kosa dogo halitamgharimu. Kwa mkataba, dawa au ratiba, isiwe peke yake.

## 5. Mtu aliyekua na lugha hiyo

Kutenganisha maana. Inategemea unavyouliza kuliko unayemuuliza. Ukimwambia "*quedar* maana yake nini?" atakupa moja iliyomjia, kama ambavyo wewe ungefanya ukiulizwa ghafla maana ya *kaa* bila sentensi. Mpe sentensi, kisha uliza: *¿Con qué otra palabra lo dirías?* (Ungesema kwa neno gani jingine?) Neno analolibadilisha ndilo maana yenyewe. Endelea: *¿Es lo mismo con "se" y sin "se"?* na umalizie *¿Se dice así en tu país?*

Viandamani. Anavijua bila kujua kwamba anavijua. Mwombe asahihishe sentensi zako badala ya kumwomba kanuni. Kanuni anayotunga papo hapo mara nyingi si ya kweli, ila sikio lake halikosei.

Nchi. Nguvu yake na udhaifu wake viko hapa. Kwa lugha ya kwao ni shahidi bora kuliko kamusi yoyote. Atakuambia kwamba *¿Te estás quedando conmigo?* Uhispania inaweza kuwa "unanitania?", wakati wa Peru huenda akaisikia kama swali la kukaa naye tu. Lakini atazungumza kana kwamba kwao ndiko kwote. Kuna sehemu za magharibi mwa Uhispania ambako watu husema *quedé las llaves en casa* kwa maana ya "niliacha funguo nyumbani". Mtu wa Madrid atakuambia ni kosa, na mtu wa Extremadura amelisikia kwa mama yake.

Muda na gharama. Huenda ukajibiwa kesho. Kuna programu za kubadilishana lugha, na kwa Kiswahili una cha kumpa mwenzako. Kwa mtu mzima au mgeni wako wa kazi, anza na *usted* mpaka akuambie vinginevyo.

Inapokosea. Adabu. Atasema "ni sawa" kwa sababu amekuelewa, wala si kwa sababu ndivyo inavyosemwa. Swali la *¿Lo dirías tú así?*, yaani wewe mwenyewe ungesema hivi, humlazimu ajibu kwa ukweli. Neno unalolishuku kuwa chafu, kama *coger*, uliza faraghani.

Inamfaa kila kiwango, hasa kwa lugha ya mtaani, utani, na maneno ya nchi moja.

## Uchague ipi, kulingana na hali yako

Wewe ni mwongoza watalii Arusha, Moshi au Zanzibar, na wageni wanafika wiki ijayo. Kamusi ya lugha mbili ikutoshe, pamoja na mtu mmoja wa nchi wanakotoka hao wageni. Wakiwa wa Uhispania, *quedar* ya kukutana utaisikia kila siku. Wakiwa wa Mexico au Ajentina, zoea kutosema *coger* kwa basi wala kwa kitu chochote, sema *tomar*. Saa andika kwenye karatasi kwa tarakimu za kimataifa na uwaonyeshe.

Unajiandaa na mtihani wa DELE, yaani ule wa kimataifa wa kupima Kihispania. Ndani ya chumba cha mtihani kamusi hairuhusiwi, kwa hiyo unahitaji maana zilizokaa kichwani na viandamani vyake. Jifunze *quedarse sin* + nomino kama kitu kimoja, si *quedar* kisha *sin*. Hadi B1 tumia kamusi ya lugha mbili yenye mifano; kuanzia B2 hamia ya akademia, na siku moja moja fungua kopasi kwa kitenzi kinachokushinda.

Unatafsiri kwa malipo. Anza na kamusi ya akademia kupata namba ya maana, thibitisha kwa kopasi ukichuja nchi ya mwandishi, kisha peleka kwa mwenye lugha sentensi zile tu ambazo bado zina shaka. Mpangilio huu unaokoa muda wake, na atakujibu tena kesho.

Unafuatilia tamthilia za Amerika ya Kilatini au mahojiano ya wachezaji wa ligi ya Uhispania. Mashine inatosha kwa mengi. Sentensi ikionekana haina mantiki mahali ilipo, mtu akiulizwa "unabaki nami?" katikati ya ugomvi, hapo ndipo pa kusimamisha na kutafuta nahau.

Unasoma Kihispania ukitokea Kifaransa, Bukavu au Bujumbura. Tumia daraja lako la Kifaransa bila kuona haya. Kwa msamiati wa maandishi ni fupi kuliko la Kiingereza. Kwa vitenzi vyenye *me* na *le*, liache daraja utoke Kiswahili moja kwa moja.

Intaneti ni ya shida. Pakua Kihispania kwenye programu ya kutafsiri ukiwa mjini, na uwe na daftari la vitenzi vigumu, ukurasa mmoja kwa kitenzi. Usiandike "quedar = kubaki". Andika mstari mmoja kwa kila kiandamani: *me queda(n)*, imenibakia, zimenibakia, *quedar en*, kuahidi, kukubaliana, *quedar con* mtu, kupanga kukutana naye, *quedarse con* kitu, kukichukua, *quedarse sin*, kuishiwa na, *te queda bien*, linakukaa, *queda lejos*, iko mbali. Kila mstari uwe na sentensi uliyoikuta mahali halisi, na jina la nchi pembeni yake.